Mkataba wa Riba Unapokwisha: Hesabu ya Mwenye Nyumba ya Kupangisha Uingereza

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa imeishusha riba yake ya msingi hadi asilimia 0.1. Aliyekopa mwaka huo kwa ajili ya nyumba ya kupangisha aliweza kufunga riba ya karibu asilimia 2 kwa miaka mitano. Miaka hiyo mitano sasa inatimia. Katikati, Benki Kuu ilianza kupandisha Desemba 2021, ikafika asilimia 5.25 Agosti 2023, kisha ikateremka hatua kwa hatua hadi asilimia 3.75 Desemba 2025. Kupungua kupo, lakini riba ya asilimia 2 ni vigumu kuipata tena.

Jambo hili linawagusa Waswahili wengi. Wapo walioishi London, Leicester au Reading, wakahamia nyumba kubwa zaidi watoto walipoongezeka, ile ya kwanza wakaipangisha. Wapo walionunua nyumba ya pili kwa zamu za usiku hospitalini na kwenye nyumba za wazee, wakitarajia kodi ya pango iwe pensheni yao. Na wapo waliokwisha kurudi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, nyumba ikabaki kule mikononi mwa wakala. Wote watapokea barua ile ile: mkataba wako wa riba unakwisha tarehe fulani, chagua.

Barua hiyo huwafanya watu waanze kutafuta riba iliyo chini kuliko zote. Mimi nasema waanze kwingine. Swali la kwanza ni hili: nyumba hii nataka kukaa nayo kwa muda gani? Anayetaka kuuza baada ya mwaka mmoja na anayetaka kuwaachia watoto hawapaswi kuchukua mkopo mmoja, hata kama deni lao linalingana hadi senti ya mwisho.

Nyumba ya mfano

Ili tulinganishe vizuri, tuchukue nyumba moja na tubaki nayo. Ilinunuliwa mwishoni mwa 2016 kwa pauni 200,000, mnunuzi akitoa pauni 50,000 na benki pauni 150,000. Leo inakadiriwa pauni 250,000. Mkopo ni wa kulipa riba tupu, kama ilivyo mikopo mingi ya nyumba za kupangisha, kwa hiyo deni bado ni pauni 150,000 zile zile. Mpangaji analipa pauni 1,150 kwa mwezi, yaani 13,800 kwa mwaka. Wakala, bima na matengenezo vinakula pauni 2,300 kwa mwaka.

Kwa riba ya asilimia 2, mwenye nyumba amekuwa akilipa pauni 250 kwa mwezi. Viwango vya riba nitakavyotumia kuanzia hapa ni vya mfano. Kila msomaji aweke vya kwake, hesabu ni ile ile.

Kunyamaza kuna bei

Asiyechagua anachaguliwa. Siku mkataba unapokwisha, benki humhamishia mteja kwenye riba yake ya kawaida, ile ambayo benki yenyewe huipandisha na kuishusha itakavyo. Riba hiyo karibu kila mara huwa juu sana kuliko mikataba mipya. Tukiiweka asilimia 8.5, malipo ya nyumba yetu yanaruka kutoka pauni 250 hadi pauni 1,062 kwa mwezi. Mkataba mpya wa asilimia 5 ungekuwa pauni 625. Tofauti ni zaidi ya pauni 430 kila mwezi, zinazolipwa kwa sababu tu barua haikufunguliwa au ilitumwa kwenye anwani ya zamani.

Riba hii ina faida moja: kwa kawaida unaweza kulipa deni lote wakati wowote bila faini. Kwa hiyo inamfaa mtu ambaye mnunuzi wake ameshapatikana na mawakili wamebakiza wiki chache kumaliza. Wengine wote wanaitumia kwa hasara.

Kubaki na benki ile ile

Njia ya haraka ni kuchukua mkataba mpya kwa benki unayodaiwa. Hakuna wakili, mara nyingi hakuna mthamini, na kwa kawaida benki haikupimi upya kipato wala haiulizi mengi kuhusu kodi ya pango, mradi huongezi deni na umekuwa ukilipa vizuri. Kazi yote inaweza kuisha kwa siku moja mtandaoni.

Njia hii ni kimbilio la watu watatu. Wa kwanza ni yule ambaye kipato chake kimeyumba tangu alipokopa: amestaafu, amejiajiri, au ana doa kwenye rekodi yake ya mikopo. Wa pili ni aliyehama Uingereza, kwa sababu benki zinazokubali maombi mapya ya anayeishi nje ni chache na riba zao ni kali zaidi. Wa tatu ni yule ambaye kodi yake ya pango haifiki kipimo cha benki mpya, jambo nitakalolieleza hapa chini.

Udhaifu wake ni kwamba unachagua kwenye duka moja tu. Pia hakikisha benki inatumia thamani ya leo ya nyumba. Ikiendelea kuhesabu nyumba yetu kwa pauni 200,000, deni ni asilimia 75 ya thamani. Ikiikubali kwa pauni 250,000, deni ni asilimia 60, na kwa wakopeshaji wengi hilo ni daraja lenye riba nafuu zaidi. Kama makadirio yao yako chini, omba wayapitie upya.

Kuhamia benki nyingine

Kuhama hufungua soko lote, lakini huchukua wiki kadhaa, na kuna mthamini, wakili na ukaguzi wa kipato. Benki nyingi hugharimia uthamini na kazi ya kawaida ya wakili ili kuwavuta wateja, hivyo mzigo mkubwa huwa ni ada ya mkopo. Kwenye mikopo ya nyumba za kupangisha ada hiyo inaweza kuwa kiasi maalum, kwa mfano pauni 1,999, au asilimia ya deni, kama 3 na hata zaidi. Hapa ndipo matangazo yanapopotosha: riba ikiandikwa ndogo kwa herufi kubwa, ada huwa kubwa kwa herufi ndogo.

Tulinganishe. Benki ya sasa inatoa asilimia 5 bila ada. Benki mpya inatoa asilimia 4.2 kwa ada ya asilimia 3, ambayo kwa deni letu ni pauni 4,500.

Kwa miaka miwili, benki ya sasa inachukua pauni 15,000. Benki mpya inachukua riba ya pauni 12,600 na ada 4,500, jumla 17,100. Riba "ndogo" imekugharimu pauni 2,100 zaidi.

Kwa miaka mitano, benki ya sasa inachukua pauni 37,500. Benki mpya inachukua pauni 31,500 za riba na ada 4,500, jumla 36,000. Sasa umeokoa pauni 1,500.

Mkopo wenye riba ndogo unaokoa pauni 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo ada ya 4,500 inarudi baada ya miaka mitatu na miezi tisa. Ukiuza kabla ya hapo, umepoteza. Na ukiiongeza ada kwenye deni badala ya kuilipa taslimu, unailipia riba pia: muda wa kurudisha fedha hizo unasogea hadi karibu miaka minne na nusu, na unabaki na deni la pauni 154,500.

Ukubwa wa deni nao una uzito. Kwa deni la pauni 60,000, tofauti hiyo ya asilimia 0.8 ni pauni 480 kwa mwaka. Ada maalum ya pauni 1,999 itachukua zaidi ya miaka minne kurudi. Kwa deni la pauni 300,000 inarudi ndani ya miezi kumi. Mwenye deni dogo atafute mkopo usio na ada, na mwenye deni kubwa asiogope ada bila kupiga hesabu.

Kisha kuna kipimo cha pango. Tangu 2017, kanuni za Benki Kuu zinawataka wakopeshaji wahakikishe kodi ya pango ingeweza kubeba riba iliyo juu kuliko ile unayolipa. Wakopeshaji wengi hutaka pango lifike asilimia 125 ya riba hiyo ya majaribio kwa mlipa kodi wa daraja la chini, yaani wa asilimia 20, na asilimia 145 kwa wa daraja la juu, yaani wa asilimia 40. Kwa mkataba wa chini ya miaka mitano, riba ya majaribio ni nukta mbili juu ya riba halisi au asilimia 5.5, ile iliyo juu zaidi. Kwa mkataba wa miaka mitano au zaidi benki inaruhusiwa kupima kwa riba halisi.

Tazama kinachotokea kwa nyumba yetu ikiwa mwenyewe ni mlipa kodi wa daraja la juu. Akiomba mkataba wa miaka miwili kwa asilimia 5, atapimwa kwa asilimia 7, na pango linatakiwa kufika pauni 1,269 kwa mwezi. La kwake ni 1,150, kwa hiyo anakataliwa. Akiomba wa miaka mitano kwa riba hiyo hiyo, anatakiwa kuwa na pauni 906 tu, naye anapita bila shida. Baadhi ya benki hulegeza kipimo kwa anayehama bila kuongeza deni, lakini uliza kabla ya kulipia chochote.

Miaka miwili, mitano, au riba inayoelea

Mkataba wa miaka miwili unamfaa anayetaka kuangalia upepo, na aliye tayari kulipa ada na kuhangaika tena baada ya muda mfupi. Wa miaka mitano unamfaa aliyeamua kubaki na nyumba na anayetaka kulala akijua atalipa kiasi gani.

Lakini mkataba mrefu una kufuli. Faini ya kuuvunja mara nyingi huanza asilimia 5 ya deni mwaka wa kwanza, ikipungua kila mwaka hadi asilimia 1 mwaka wa mwisho. Kwa deni letu, kuuza katika mwaka wa kwanza ni faini ya pauni 7,500. Hata ukiwa umebakiza wiki moja, asilimia 1 ni pauni 1,500. Panga mkopo mpya uanze siku inayofuata mwisho wa ule wa zamani, si siku moja kabla.

Anayefikiria kuuza ndani ya mwaka au miaka miwili atazame mkopo ambao riba yake inafuata ya Benki Kuu, ikipanda nayo na kushuka nayo. Mingi ya aina hii haina faini ya kutoka. Unabeba hatari ya riba kupanda, na kwa malipo ya hatari hiyo unapata mlango ulio wazi.

Kupunguza deni

Siku mkataba unapokwisha ni nafasi adimu, maana unaweza kulipa sehemu yoyote ya deni bila faini. Ndani ya mkataba, benki nyingi huruhusu asilimia 10 tu kwa mwaka. Mwenye akiba inayozaa asilimia 4 huku anadaiwa kwa asilimia 5 afikirie kuihamishia kwenye deni, hasa ikiwa kiasi kidogo kitamshusha daraja, tuseme kutoka asilimia 62 ya thamani hadi 60. Asiimalize yote. Boila ya kupasha joto ikiharibika Januari, mpangaji ana haki ya kutengenezewa haraka, na deni lililopunguzwa halitengenezi boila.

Wengine huuliza kama waanze kulipa deni lenyewe pamoja na riba. Kwa nyumba yetu, asilimia 5 kwa miaka 20 ni karibu pauni 990 kwa mwezi badala ya 625. Pango la 1,150 likishatolewa gharama halitoshi, na kodi ya serikali bado haijalipwa. Njia hii ni ya mwenye mshahara unaoweza kusaidia, mwenye lengo la kuingia uzeeni bila deni.

Kinachobaki baada ya kodi

Hapa ndipo wengi huumia bila kuona jeraha. Kuanzia Aprili 2017 hadi Aprili 2020 serikali iliondoa kidogo kidogo haki ya mwenye nyumba binafsi kutoa riba ya mkopo kwenye mapato yake kabla ya kodi. Leo unakatwa kodi kana kwamba riba hukuilipa, kisha unarudishiwa punguzo la asilimia 20 ya riba hiyo.

Kwa nyumba yetu, mapato yanayotozwa kodi ni pauni 13,800 kutoa 2,300, yaani 11,500. Kwa mkopo wa asilimia 5, riba ni 7,500 na fedha iliyobaki mkononi ni 4,000. Mlipa kodi wa asilimia 20 anadaiwa 2,300, anapunguziwa 1,500, analipa 800. Anabaki na pauni 3,200. Mlipa kodi wa asilimia 40 anadaiwa 4,600, anapunguziwa 1,500, analipa 3,100. Anabaki na pauni 900 kwa mwaka mzima.

Sasa mrudishe huyo wa pili kwenye riba ya kawaida ya asilimia 8.5. Anapata hasara ya pauni 1,250 hata kabla ya kodi, na bado anadaiwa kodi ya pauni 2,300. Kila mwaka anatoa pauni 3,550 mfukoni ili mtu mwingine akae kwenye nyumba yake.

Usidhani wewe ni wa daraja la chini kwa kuangalia mshahara pekee. Daraja la juu linaanza pauni 50,270. Mwenye mshahara wa 42,000 akiongezewa 11,500 za nyumba anavuka mstari, ingawa fedha halisi iliyomfikia ni 4,000. Na kuanzia Aprili 2027, mapato ya nyumba nchini England yatatozwa viwango vyake vyenyewe vya asilimia 22, 42 na 47, huku punguzo la riba likipanda hadi asilimia 22. Kwa mfano wetu ni nyongeza ya pauni 80 kwa mwaka kwa madaraja yote mawili.

Kuhamishia nyumba kwenye kampuni, ambako riba hutolewa yote kabla ya kodi, kunazungumzwa sana. Kwa nyumba unayoimiliki tayari ni sawa na kuiuzia kampuni: kuna kodi ya faida ya mtaji, na kuna ushuru wa stempu wenye nyongeza ya asilimia 5 tangu 31 Oktoba 2024. Kwa nyumba moja, ni nadra hesabu hiyo ikubali.

Kuuza

Kuuza si kushindwa. Ni chaguo kama mengine, na lipewe hesabu yake. Nyumba yetu imepanda pauni 50,000. Unatoa gharama za kununua, pamoja na ushuru wa stempu wa pauni 7,500 uliolipwa 2016 na wakili wa 1,000, na gharama za kuuza, tuseme 5,500. Inabaki faida ya 36,000. Msamaha wa mwaka ni pauni 3,000, hivyo 33,000 zinatozwa. Kwa mlipa kodi wa daraja la juu kiwango ni asilimia 24, sawa na pauni 7,920, na anatakiwa kutoa taarifa na kulipa ndani ya siku 60 tangu mauzo kukamilika.

Baada ya kulipa benki, madalali na kodi, mkononi zinabaki karibu pauni 86,500. Zikiwekwa kwa asilimia 4 zitazaa kama pauni 3,460 kwa mwaka kabla ya kodi, bila boila wala simu ya usiku. Ukizilinganisha na zile pauni 900, mwenye nyumba wa daraja la juu anabaki na nyumba kwa sababu moja tu: anaamini thamani yake itapanda. Kama ndiyo imani yake, aiseme wazi na aiwekee muda. Kwa mlipa kodi wa daraja la chini, pauni 3,200 baada ya kodi bado zinaitetea nyumba.

Mpangaji naye ahesabiwe, kwa kuwa ile ni nyumba yake ya kuishi. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inafuta kwa England, kuanzia 1 Mei 2026, notisi ya kumtoa mpangaji bila sababu. Anayetaka kuuza lazima atoe notisi ya miezi minne, hawezi kuitumia sababu hiyo ndani ya mwaka wa kwanza wa upangaji, na hawezi kupangisha tena kwa miezi kumi na miwili baada ya notisi hiyo kumalizika. Kodi ya pango hupandishwa mara moja tu kwa mwaka kwa notisi ya miezi miwili, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza. Usipange mkopo ukitegemea kwamba ongezeko lote la riba utamtwika yeye. Ukiamua kuuza, fikiria kumuuzia mwenye nyumba mwingine mpangaji akiwa ndani: yeye habughudhiwi, nawe hukosi pango miezi ya kusubiri.

Walio nje, na wanaoepuka riba

Anayeishi Kenya, Tanzania au Oman na kupangisha Uingereza yuko chini ya mpango maalum wa kodi: wakala hukata asilimia 20 ya mapato mpaka mamlaka ya kodi, HMRC, iidhinishe alipwe bila kukatwa. Maombi hayo ni fomu tu, na yanafaa kufanywa mapema. Akiuza, lazima atoe taarifa ndani ya siku 60 hata kama hana kodi ya kulipa.

Mwislamu anayeepuka riba ana benki kama Gatehouse Bank, ambako benki humiliki sehemu ya nyumba na kutoza kodi ya sehemu hiyo. Mikataba yake pia ina kipindi cha malipo yasiyobadilika kinachokwisha, hivyo hesabu ya ada na muda niliyoonyesha hapo juu inamhusu vile vile.

Pa kuanzia

Miezi sita kabla ya tarehe, andika kwenye karatasi moja: deni, thamani ya nyumba, pango, kodi unayolipa, na mwaka unaotaka kuachana na nyumba hiyo. Uliza benki yako inatoa nini. Kisha mwone dalali wa mikopo anayeangalia soko lote, umuulize mapema analipwa na nani na kiasi gani. Ofa nyingi zinaweza kushikiliwa kwa miezi kadhaa. Riba zikishuka kabla ya kuanza, mara nyingi unaweza kubadilisha, na zikipanda, umejikinga.

Kwa kila ofa fanya jumla moja: riba ya miaka utakayokaa, jumlisha ada, jumlisha faini ya kutoka ikiwa utatoka mapema. Jumla hiyo ndiyo bei ya mkopo. Ukishaijua, na ukajua kinachobaki baada ya kodi, utaweza kubaki na nyumba au kuiuza kwa sababu unayoweza kumweleza mwenzio na watoto wako, ukiwa na tarakimu mkononi.